Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Nakuru: waandikeni walei wetu kabla mashahidi wao hawajaisha

Kwa Baba Maaskofu, mapadri, makasisi, wachungaji, wazee wa kanisa na wenyeviti wa halmashauri za parokia, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Molo na Olenguruone, Njoro, Bahati, Subukia na Baringo.

 

Nawaandikia mimi, mlei Mkatoliki wa hapa Nakuru niliyewahi kuwa katibu wa jumuiya yetu. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema kikaoni, nikalisema ofisini, nikalisema nje ya kanisa baada ya Misa, na kila mara nikajibiwa kwa upole kwamba litaangaliwa. Halijaangaliwa, na sisi tunaendelea kuzika. Waliokuja huku miaka ya sitini kupitia mipango ya makazi, na waliofuata miaka ya sabini kupitia kampuni za kununua mashamba kama Ngwataniro, leo ni wazee wa miaka themanini na tisini. Hao ndio waliotenga ploti ya kanisa kabla nyumba zao hazijapata mabati. Ndio waliosalisha chini ya miti na ndani ya maghala yaliyoachwa na walowezi. Ndio waliotufundisha Baba Yetu. Wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na kanisa walilolijenga halijaandika hata ukurasa mmoja juu yao.

Malalamiko yangu nayapanga kwa nambari ili atakayenijibu asipate shida.

1. Kumbukumbu zetu zinaanzia kwa wenye daraja na kuishia kwao.

Ingia kanisa lolote kubwa la huku utazame ukuta wa ofisi. Utaona orodha ya mapadri au wachungaji waliohudumu pale, kila mmoja na miaka yake, pengine na picha. Sina ugomvi na orodha hizo. Askofu Mkuu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki aliliongoza Jimbo la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, na wakati wa mapigano ya kikabila ya mwanzo wa miaka ya tisini alisema mchana yale ambayo wengi waliogopa kuyanong'ona usiku. Padre John Kaiser, ambaye mwili wake ulipatikana Morendat karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000, aliwatetea waliofukuzwa Enosupukia wakakusanyika katika kambi ya Maela; mwaka 2007 uchunguzi wa mahakama uliamua kwamba aliuawa. Padre Michael Kamau Ithondeka, mwana wa jimbo letu, aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi. Hawa wanastahili kila sala wanayoombewa.

Lakini Maela ilikuwa na maelfu ya watu. Nani alisimamia foleni ya unga ili wenye nguvu wasiwasukume wajane? Nani alikaa na akina mama waliojifungua chini ya karatasi za nailoni? Kambi ilipovunjwa usiku, Desemba 1994, watu wakapakiwa kwenye malori, nani aliwahesabu watoto? Majibu yamo vichwani mwa wazee wachache waliobaki, na hakuna aliyetumwa na kanisa kwenda kuwauliza.

Na tusiende mpaka kwenye kambi. Kwa miaka mingi padre mmoja alihudumia vituo vingi vilivyotawanyika kwenye mashamba, akifika kila kimoja mara moja kwa mwezi, mvua ikiharibu barabara hafiki kabisa. Jumapili zote zilizobaki zilikuwa za katekista. Yeye ndiye aliyesalisha, akafundisha wakatekumeni, akazika, akapatanisha waliopigania mpaka wa shamba, kisha Jumatatu akarudi kukamua ng'ombe wake kama mtu mwingine yeyote. Kwa Waanglikana alikuwa msomaji, kwa Wapresbiteri mzee wa kanisa, kwa ndugu wa Africa Inland Church (AIC) mwinjilisti asiye na mshahara. Mwaka 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum ministerium, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Nilifurahi, nikasikitika papo hapo, kwa sababu wengi walioifanya kazi hiyo huku hawakuwapo tena kuisikia habari hiyo na hakuna palipoandikwa kwamba waliifanya.

2. Tunatupa maandishi yao.

Parokia moja ambayo sitaitaja ilihamia ofisi mpya. Siku ya kuhama nilikuta katoni ya madaftari nje ya jiko, imewekwa pamoja na kuni za kuchemshia chai. Yalikuwa madaftari ya jumuiya, yale ya kawaida ya shule. Nilichukua moja. Mtu alikuwa amechora mistari kwa rula na kuzigawa kurasa katika safu nne: jina la mgonjwa, nyumba yake, siku ya kutembelewa, na kinachohitajika. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea kalamu, herufi kubwa kubwa zilizokandamizwa mpaka zikatokea upande wa pili wa karatasi. Safu ya mwisho ndiyo iliyonishika. Sukari nusu kilo. Sabuni ya mche. Mafuta ya taa. Shuka. Mtu wa kulala naye usiku. Mahali pengine neno moja tu: kuogeshwa. Ukifuata jina moja kutoka wiki hadi wiki unaona mahitaji yakibadilika, kutoka sukari kwenda uji mwepesi, kutoka uji kwenda shuka, halafu mstari unapigwa juu ya jina na pembeni panaandikwa saa ya mazishi na kiasi cha fedha zilizochangwa kununulia jeneza.

Ilikuwa miaka ya UKIMWI. Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999, na miaka ikapita kabla ya dawa za ARV kumfikia mtu wa kawaida wa Kaptembwo au Rhonda bila malipo. Wakati huo mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, sahani yake ikatengwa, majirani wakaacha kupita. Walioingia vyumba vile walikuwa akina mama wa jumuiya, wa chama cha wanawake Wakatoliki (CWA), wa Mothers' Union ya Waanglikana na wa Gildi ya Wapresbiteri, wamefunga mifuko ya plastiki mikononi kwa kukosa glavu. Waliwageuza watu wazima kitandani, wakafua, wakalisha watoto, wakarudi nyumbani kupikia waume zao waliokuwa wakinuna kwamba wataleta ugonjwa. Hakuna aliyewalipa. Wengine walizikwa na majirani wale wale waliokuwa wakiwacheka.

Daftari moja ndilo nililookoa. Mengine yalichomwa. Nasema hivi bila kumchukia aliyeyaweka pale, maana alikuwa kijana aliyeagizwa kuondoa takataka. Aliyemwagiza ndiye anayepaswa kujua kwamba ule ulikuwa mwandiko wa watu waliofanya kazi ya Kristo kwa mikono yao, na kwamba hakuna nakala nyingine duniani.

3. Kwenye mazishi tunampa kipaza sauti aliyechanga, si aliyetumika.

Kila mmoja wenu ameshika vijitabu vya mazishi. Picha kwenye jalada, wimbo nyuma, na ndani historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, watoto, wakwe, wajukuu, kazi, ugonjwa, hospitali alizopitia, saa aliyofariki. Kanisa linapata mstari mmoja. Alikuwa Mkristo aliyejitolea. Miaka thelathini ya kuamka alfajiri imeishia kwenye maneno matatu. Siilaumu familia. Familia huandika historia ile katikati ya matanga, watu wamejaa sebuleni, mwenye kompyuta mjini anasubiri kuchapa kabla hajafunga duka. Watoto wenyewe hawakujua mama yao alikuwa akienda wapi kila Alhamisi alasiri. Jumuiya ilijua. Kanisa lilijua, au lilipaswa kujua, na siku hiyo ndilo linaloachia nafasi yake.

Wanasiasa hawana haya ya kuipokea. Mwakilishi wa jumuiya anaambiwa aseme kwa dakika mbili kwa sababu jua linakwenda. Mheshimiwa aliyefika amechelewa na msafara anasema nusu saa, na katika nusu saa hiyo jina la marehemu linatajwa mara moja tena kwa kukosewa. Kisha tunarudi kanisani na kukuta jina la mheshimiwa limechongwa kwenye jiwe la msingi. Nani alibeba maji ya kuchanganyia saruji? Nani aliuza mbuzi wake wa pekee mabati yalipopungua? Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais alitoa kwa kanisa la Soweto, na Askofu Mkuu wa Anglikana akasema waziwazi kwamba madhabahu si jukwaa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yao. Nawaomba mwendelee mpaka kwenye kuta na kwenye makaburi.

Kuna deni jingine lililo juu yenu, la mwaka 2020. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Hata Askofu Mkuu Ndingi, aliyefariki tarehe 31 Machi mwaka huo, alizikwa Nairobi mbele ya watu wachache mno kwa mtu wa kimo chake. Lakini yeye ameandikwa. Wazee wetu waliofariki miezi ile walizikwa harakaharaka, bila wasifu, bila jumuiya kusema neno, mara nyingine bila wimbo. Tuliahidiwa kwamba hali ikitulia tutawafanyia kumbukumbu. Hali imetulia zamani.

4. Waliookoa majirani zao hawajaandikwa popote.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo linaloihusu Nakuru kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Tuliona moto wa mapigano ya kikabila mwanzoni mwa miaka ya tisini upande wa Molo na Olenguruone. Tuliuona tena 1998 Njoro. Tukauona Januari 2008 mjini Nakuru na Naivasha, uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ukijaa watu wenye godoro moja na sufuria. Waliotenda maovu wameundiwa tume. Tume ya Akiwumi iliandika, Tume ya Waki ikaandika na kuhesabu vifo 1,133 nchi nzima, bahasha ya majina ya washukiwa ikapelekwa hadi Ulaya. Waliotenda mema hawana hata daftari.

Nao walikuwepo. Kila mtu wa umri wangu anamjua mmoja. Mzee wa kanisa Mkalenjin aliyemficha jirani Mkikuyu kwenye ghala la mahindi na kukaa mlangoni akiongea na vijana waliokuja na mishale. Mama Mkikuyu wa mjini aliyewavisha watoto wa Kijaluo sare za shule za wanawe na kuwapitisha kizuizini. Kijana wa kwaya aliyekwenda na kurudi na pikipiki mpaka mafuta yakamwishia. Sitataja majina hapa, na sababu ninawaeleza, kwa kuwa ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa kazi yenu na si ya mwandishi wa gazeti. Wengi wao hawataki kutajwa. Kwa watu wa nyumbani kwao, kumwokoa adui kuliitwa usaliti, na bado wanaishi kati ya watu hao. Wapo waliochomewa maboma yao wenyewe kwa kosa hilo. Anayeweza kuwaendea na kuwasikiliza bila kuwatia hatarini ni mchungaji wao, kwa utaratibu, kwa siri, kwa ridhaa yao.

Najua pia kwa nini mnalikwepa. Ukiuliza nani aliokoa, lazima utasikia nani alifukuza, na baadhi ya waliofukuza walipokea komunyo Jumapili iliyotangulia. Wengine bado wanaipokea. Basi na iwe hivyo. Sitaki kumbukumbu ya kusifu. Nataka kumbukumbu ya kweli, ambayo ndani yake mtoto wa Elburgon atasoma kwamba siku ile katika kijiji chake Wakristo waligawanyika, na atasoma pia kwamba palikuwa na njia nyingine na kuna watu wa kawaida walioishika.

5. Tunawanyima walei wetu kile ambacho Biblia na Kanisa haviwanyimi.

Barua ya Paulo kwa Warumi ina sura nzima, ya 16, ambayo karibu yote ni majina ya watu. Fibi, Priska na Akila, Mariamu, Trifaina na Trifosa, Persisi, Rufo na mama yake. Mtume aliyekuwa na mambo mazito ya kusema hakuona wino ukipotea bure kwa ajili ya hao. Tabitha alipokufa kule Yopa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyowashonea. Sisi kanzu zile tunazigawa kwa ndugu, tunasahau nani alizishona.

Tazameni Uganda. Mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964 hawakuwa na padre hata mmoja kati yao. Walikuwa watumishi wa ikulu, askari, wazee wa vijiji. Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Dada yake Munaku naye anajulikana mpaka leo. Tunayajua haya kwa sababu walikuwepo watu walioketi na kuwauliza walionusurika. Denis Kamyuka alifungwa pamoja na waliochomwa Namugongo, akaachiliwa dakika za mwisho, akaishi kusimulia. Bila kalamu iliyomwandika, tungekuwa tunakwenda hija kila Juni kwenye uwanja mtupu. Na kuna jambo ambalo mapadri wetu wanalijua vizuri: wengi wao walisoma falsafa Tindinyo, kule Nandi, katika seminari kuu yenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba. Padre Kamau aliyeuawa 2008 alikuwa makamu wa mkuu wa seminari hiyo. Matia Mulumba alikuwa mlei, mwenye mke na watoto.

Tazameni Goma, karibu zaidi na siku zetu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, wakamuua Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Rafiki zake wa Jumuiya ya Sant'Egidio walikumbuka maneno aliyoyasema siku zake za mwisho, wakayahifadhi, wakayasema mbele ya waliotumwa kuuliza. Sisemi kwamba Nakuru ina Floribert wake. Nasema kwamba kama yupo, kwa jinsi tunavyofanya mambo, hakuna atakayejua.

6. Msituambie habari ya unyenyekevu.

Nimeambiwa mara nyingi, na watu ninaowaheshimu, kwamba Mungu anawajua walio wake, kwamba mkono wa kushoto usijue wa kulia ufanyalo, kwamba mama yule mwenyewe asingependa kutajwa. Ni kweli asingependa. Lakini agizo lile alipewa anayetoa. Aliyepokea hakuagizwa kusahau. Mbona unyenyekevu huo hauwahusu wenye majina kwenye mawe ya msingi?

Sasa ninachoomba.

Kwanza, fungueni kitabu cha marehemu. Kwa Wakatoliki hili si ombi jipya, ni sheria: kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Vya ubatizo na ndoa tunavitunza kwa sababu watu huvijia kutafuta vyeti. Cha marehemu kimesinzia mahali pengi. Kifufueni, na kwa kila mlei aliyehudumu kiongezwe ukurasa mmoja unaoandikwa na jumuiya yake ndani ya miezi mitatu baada ya mazishi: alifanya nini, wapi, na nani aliyeona. Makanisa mengine yana taratibu zao za kumbukumbu. Ukurasa huo mmoja hauwezi kushindikana kokote.

Pili, teueni katika kila jumuiya au kila kanisa dogo watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana mwenye simu nzuri, wawatembelee watumishi wote waliofikisha miaka 75 na kuwarekodi kwa lugha wanayoiweza, iwe Kikuyu, Kipsigis, Kitugen, Kiswahili au nyingine. Waanze na walio wakubwa zaidi. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe makao makuu ya jimbo au dayosisi. Wapo wanafunzi wa historia pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wanaotafuta utafiti wa kufanya, waombeni. Ipo pia Kamusi ya Wasifu wa Wakristo wa Afrika, kazi iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, na inapokea maandishi kutoka kwa yeyote aliyefanya utafiti kwa uangalifu.

Tatu, pigeni marufuku kutupa daftari lolote la jumuiya, la chama cha akina mama, la kwaya au la katekista kabla halijasomwa na watu wawili na kuwekewa sahihi. Hili linaweza kutangazwa Jumapili hii.

Nne, katika ibada ya mazishi ya mtumishi wa kanisa, wa kwanza kusema awe mwakilishi wa wale aliowahudumia, na apewe muda anaouhitaji. Mwanasiasa akifika, aketi na waombolezaji.

Tano, tengeni siku. Wakatoliki tunayo tayari, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Majina ya walei waliohudumu yasomwe kwa sauti pamoja na ya mapadri, tukianza na wa mwaka 2020. Radio Amani, ambayo ni ya jimbo letu, ina nafasi ya kutosha katika wiki kutoa nusu saa moja kwa maisha ya mtu mmoja.

Sita, wekeni jalada la siri la waliookoa wengine wakati wa machafuko. Kila ushuhuda uwe na ridhaa ya mhusika, na yeye mwenyewe aamue kama utasomwa sasa, baada ya kufa kwake, au baada ya miaka hamsini. Jalada hili lishikwe kwa pamoja na makanisa yote, maana Mkatoliki aliyeokolewa na mwinjilisti wa AIC hawezi kuandikwa nusu huku na nusu kule.

Saba, na hili halitangojea kaburi. Makatekista wengi wastaafu wanaishi kwa msaada wa watoto ambao nao hawana kitu. Mchango wa chini wa bima ya afya ya SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Parokia yenye wastaafu kumi ingehitaji shilingi 36,000 kwa mwaka mzima ili wazee hao wasifukuzwe kwenye dirisha la hospitali. Mahema, viti na chakula cha harambee moja vinazidi hapo. Sitaki kusikia tumemtungia mzee wimbo wa kumbukumbu ilhali alikufa akikosa dawa ya presha.

Mkichelewa, matokeo yake siyasemi kwa kubahatisha, nimeshayaona. Nimekaa na vijana wa kipaimara waliozaliwa baada ya 2008, nikawauliza nani alianzisha kanisa lao. Wakataja padre Mzungu ambaye picha yake iko ukutani. Nikawauliza nani aliyemkaribisha padre huyo, nani alimfundisha lugha, nani alikuwa tayari akisali pale kabla hajafika. Wakatazamana. Vijana hawa wanakua wakiamini kwamba kanisa ni kitu kinacholetwa, na kwamba kazi yao ni kuketi, kutoa sadaka na kungoja aliyesomea afanye. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayejitolea kuwa katekista.

Jumuiya yetu haijangoja. Orodha ya kwanza ya wazee wa kutembelewa iko tayari, pamoja na vijiji vyao na majina ya wanaowafahamu. Wa kwanza ni katekista mstaafu wa upande wa Bahati, amepita miaka tisini, masikio yamekuwa mazito lakini asubuhi akili yake iko sawa na anakumbuka wakatekumeni wake kwa majina ya baba zao. Tunachokosa ni barua yenye muhuri ya kuturuhusu kufungua vitabu vya ubatizo vya parokia tulinganishe miaka anayoitaja na iliyoandikwa. Tunaomba barua hiyo itoke mwezi huu, na kama haitatoka, tunaomba tuambiwe kwa maandishi ni kwa sababu gani.

Wenu katika Kristo,

Mlei wa Jimbo la Nakuru